Nilipanda juu kama kizibo, sasa naogopa kurudi majini

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Miaka sita iliyopita nilisoma kozi ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi nikapata kadi. Nikapiga mbizi nne za kozi, na mbili za kujifurahisha wiki iliyofuata, basi. Muda si mrefu nikapata ujauzito, akaja wa kwanza, akafuata wa pili, na kazi nayo ikabana. Kadi ikalala kwenye pochi, na picha yangu juu yake nimekenua meno kama mtu aliyeshinda vita.

Miezi miwili iliyopita mume wangu, ambaye yeye hakuwahi kuacha na ana mbizi zaidi ya mia, aliniambia twende. Nikasema sawa. Pale tulipojiandikisha kulikuwa na fomu inayouliza mara ya mwisho umezamia lini. Nikaandika mwaka jana. Mwalimu, sijui nilipatwa na nini. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, mume wangu anacheka na kiongozi kama wamekua pamoja, nikaona aibu kuwa mzigo.

Kwenye boti wenzangu walikuwa tayari, mimi bado nahangaika na mkanda. Nikavaa miwani harakaharaka, nywele zimenidondokea usoni, nikaruka. Sikuzama. Wote wako chini, mimi naelea kama chupa tupu. Kiongozi akaniongezea risasi za uzito kwenye mkanda, nikafika kilo kumi, ndipo nikashuka. Kama mita tatu hivi akaniuliza kwa mkono kama niko sawa, nikamwonyesha dole gumba. Akanishika akaanza kunipandisha! Nikamtikisia kichwa, akashangaa, tukaendelea kushuka.

Kompyuta ya kuzamia mkononi ilionyesha mita sita maji yalipoanza kuingia kwenye miwani. Kidogo tu, yakanifika puani. Nilijua kuna namna ya kuyatoa, kwenye kozi niliifanya, lakini sikukumbuka hata nianzie wapi. Nikavuta pumzi kwa pua. Nikapaliwa. Kilichofuata nakikumbuka nusunusu: nilibonyeza kitufe cha kutia hewa kwenye jaketi la kuelea, nikapiga miguu, nikatokea juu kama kizibo. Sijui kama nilikuwa natoa pumzi au nimeibana. Kiongozi alinifuata, akanikabidhi kwa nahodha, nikakaa botini nikikohoa hadi wenzangu waliporudi. Siku ileile nilikwenda kwa daktari, akanipima akasema mapafu yako salama.

Tangu hapo hata nikioga, maji yakinipiga usoni nashtuka. Miezi mitatu ijayo tuna safari na marafiki, siku tano za kuzamia, na imeshalipiwa. Mume wangu anasema dawa ya kurudisha kujiamini ni kuruka tena, mwili utakumbuka. Mimi naona mwili unakumbuka vizuri mno, na hapo ndipo shida ilipo.

Niambie: nianze kozi upya au nifanye marudio tu? Je, kuna watu ambao maji hayawataki, nami ni mmoja wao? Na huyu mume wangu nimwambieje?

Kizibo


Marahaba, mwanangu Kizibo.

Nianze na daktari. Katika yote uliyofanya siku ile, hilo ndilo ulilolifanya sawasawa, na wengi hawalifanyi kwa kuona haya. Sikiliza kwa nini. Kila mita kumi za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita sita ulikuwa kwenye mgandamizo mara 1.6 ya ule wa juu ya maji. Ukijaza mapafu lita nne pale chini, ukaibana pumzi na kupanda, juu zinataka kuwa lita sita na nusu kasoro, na mapafu hayana pa kuziweka. Watu huumia hivyo hata wakitoka kwenye kina cha bwawa la kuogelea. Mtu akipanda vile kisha akasikia maumivu ya kifua, akatema damu, akachanganyikiwa au akafa ganzi upande mmoja, ni hospitali mbio, na huko njiani apewe oksijeni. Wewe umepona. Sikuambii haya ili nikuongezee hofu. Nakuambia kwa sababu mume wako na wewe mnazungumza habari za ujasiri, na mimi naona kwanza kuna suala la pumzi.

Halafu hilo neno la kurudisha kujiamini. Hebu tupige hesabu. Mbizi sita, tuseme kila moja dakika arobaini. Ni saa nne. Maisha yako yote umekaa chini ya maji saa nne, kisha ukakaa nchi kavu miaka sita. Mtu aliyeshika usukani saa nne, akaacha miaka sita, siku ya kurudi akapewa gari lenye abiria na barabara yenye msongamano, akigonga ukuta hatusemi amepoteza kujiamini. Tunauliza nani alimpa funguo. Kwako hakuna kilichopotea, mwanangu. Ulikuwa hujakipata bado, na sasa ndio unaanza kukijenga.

Na funguo ulijipa mwenyewe, pale kwenye fomu.

Sikuchapi kwa hilo. Nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi na nawajua watu wa "mwaka jana". Wanaandika haraka, hawainui macho. Lakini ona ule uongo mdogo ulivyofanya kazi. Kiongozi anayesoma "miaka sita, mbizi sita" anakupangia sehemu ya kina kifupi, anakaa pembeni yako, anakagua vifaa vyako kwa mikono yake, pengine anakwambia leo hupandi boti hii, nenda bwawani kwanza. Aliyesoma "mwaka jana" anakuhesabu kama mtu anayejimudu na macho yake anayapeleka kwa wengine. Ulidhani unaficha aibu, kumbe unamfumba macho mtu pekee aliyelipwa kukuangalia. Safari ijayo andika tarehe kamili, na chini yake andika: niliogopa mara ya mwisho. Hakuna kiongozi wa maana atakayekucheka. Akikucheka, usiingie naye majini.

Dole gumba lako limenichekesha, naomba radhi. Juu ya ardhi dole gumba ni "safi". Chini ya maji, dole gumba juu ni "napanda", na halina maana nyingine. Swali la "uko sawa?" hujibiwa kwa duara la kidole cha shahada na gumba. Yule kiongozi alikutii. Wewe ulimwambia nataka kupanda, akakupandisha, ukamkatalia kwa kichwa. Nina hakika amelisimulia hilo mara kadhaa. Ila kati yangu na wewe, ule mkono wako ulikuwa na busara kuliko mwenyewe. Ungeendelea kupanda pale mita tatu, ukashika boti, ukavuta pumzi, ukarekebisha miwani, siku ingekuwa nyingine. Na uishike hii kwa herufi kubwa: mtu yeyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, anaweza kuonyesha dole gumba na mbizi ikaisha, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa zile kilo kumi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa nini hukuzama? Siyo kwamba u mwepesi. Lita moja ya hewa mapafuni inakuinua kama kilo moja ya risasi inavyokushusha. Mtu mwenye wasiwasi hujaza kifua na hakitoi. Anapumua pale juu juu, kifua kimejaa muda wote, na tofauti kati ya kifua kilichojaa na kilichotoa pumzi inaweza kufika lita tatu. Ongeza miguu inayopiga bila yeye kujua, inayomsukuma juu. Dawa ilikuwa kutuliza miguu, kuinua bomba la jaketi ili hewa yake itoke, na kutoa pumzi ndefu mpaka mwisho. Badala yake uliongezewa vyuma, na vyuma vikakushusha kweli. Kufika chini ukawa mzito, ukatia hewa kwenye jaketi ili usidondoke hadi chini. Hewa ile ndiyo iliyokurusha. Tuseme zilikuwemo lita tano: kutoka mita sita hadi juu zinakuwa lita nane, bila wewe kugusa kitu. Na wewe ukabonyeza kitufe kuongeza. Kizibo umejiita, na kizibo ukawa.

Watu hudhani kina kirefu ndicho kigumu. Kwa kuelea, pagumu ni hapohapo juu, mita kumi za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo hewa inapotanuka na kusinyaa kwa kishindo. Kutoka mita kumi hadi juu inakuwa maradufu. Kutoka ishirini hadi kumi inaongezeka nusu tu. Kwa hiyo usijilaumu eti umeshindwa "hata mita sita".

Risasi zipimwe hivi: umevaa kila kitu, uko juu ya maji yasiyo na kina, jaketi tupu, umeshika pumzi ya kawaida, hupigi miguu. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukizama kama jiwe, punguza. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kama kilo mbili, maana hewa nayo ina uzito na mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unakuwa mwepesi. Na usipime bwawani ukapeleka namba ileile baharini: maji ya chumvi yanainua zaidi. Sikutajii idadi ya kilo kwa kuwa sijauona mwili wako wala suti yako, lakini zile kumi sizipendi hata kidogo.

Tuje puani. Hapa ndipo penye ugonjwa wako, na ni ugonjwa mdogo wenye kelele kubwa.

Maji yakigusa matundu ya pua mwili unashtuka: ama koo linajifunga, ama unavuta pumzi ya ghafla. Hakuna ushujaa hapo, kila mtu ameumbwa hivyo. Mzamiaji mzoefu hakuzaliwa na pua tofauti, ameifundisha tu kwamba maji kuwa pale si habari. Kozi yako ilikuonyesha kuyatoa maji kwenye miwani, ukafanya mara tatu nne, mwalimu akaweka alama. Kufanya mara tatu kunatosha kupata alama, kuizoesha pua hakutoshi hata kidogo.

Anza bafuni, kwa kuwa ndiko hofu imekufuata. Simama maji yakupige usoni, vuta pumzi kwa mdomo, toa kwa mdomo, polepole. Ukizoea, vuta kwa mdomo utoe kwa pua. Siku mbili tatu, mpaka usione tena tofauti. Kisha nenda kwenye bwawa, upande wa kina kifupi unaposimama maji yakiwa kifuani, na mtu pembeni yako. Bila miwani. Snokeli, lile bomba la kupumulia, mdomoni, uso ndani ya maji, macho yafumbe ukitaka. Pumua. Mara ya kwanza utatoka baada ya pumzi mbili. Sawa, rudi tena. Pumzi tano, kumi, ishirini. Ukifika dakika tatu umeduwaa tu unahesabu vigae, hapo ndipo ninapotaka ufike. Usiache kwa sababu umeweza; acha kwa sababu imekuchosha.

Baada ya hapo ndipo miwani na mtungi, na mwalimu wa kweli mbele yako. Ingiza maji kidogo. Bana fremu ya juu kwa vidole, inua uso kidogo, toa pumzi kwa pua kama mtu anayenung'unika, "mmmm", ndefu. Hewa inakaa juu, maji yanasukumwa yatoke chini. Wanaokosea hupuliza kwa nguvu kama wanapenga kamasi, hewa yote ikatoroka pembeni na maji yakabaki. Au wanainamisha uso. Kisha nusu miwani. Kisha miwani imejaa, na hapa nina zoezi langu ninalolipenda kuliko yote: usiyatoe. Zunguka bwawa na miwani imejaa maji, ukipumua kwa mdomo, mpaka mwalimu akuguse bega. Utagundua kitu ambacho siku ile hukukijua: maji kwenye miwani yanakunyima kuona tu, hewa yako hayaigusi. Regulata, ile ya mdomoni inayokupa hewa ya mtungi, haijui kama macho yako yamelowa. Tangu Wafaransa Cousteau na Gagnan waitengeneze ile yao mwaka 1943 kazi ya chombo hiki ni moja, ukivuta kinakupa. Mita sita siku ile ulikuwa na hewa tele mdomoni na hukuwa na haja ya kwenda popote.

Na ikitokea tena kichwa kikajaa moto, simama. Shika kitu kama kipo: kamba, mkono wa mwenzako. Toa pumzi ndefu kabla ya kuvuta. Anayehema juu juu anazungusha hewa kwenye koo na bomba tu, ile hewa chafu ya kaboni inajazana mwilini, nayo ndiyo inayokupa ile hisia ya kukosa pumzi, unahema zaidi, unakosa zaidi. Mtungi umejaa na mtu anaona anakufa kwa kiu ya hewa. Pumzi tatu ndefu za kutoa huvunja mzunguko huo. Ukishatulia ndipo uamue kupanda au kubaki.

Swali lako la kozi. Kadi haifi: kwa PADI au SSI, mashirika yanayotoa kadi hizi, uliyopata miaka sita iliyopita bado ni kadi, na inakuruhusu hadi mita 18. Ila kadi kuwa hai hakumaanishi mwenye kadi yuko tayari. Kwako ningeanza na marudio, lakini siyo yale ya asubuhi bwawani mchana botini. Vipindi viwili vya bwawa, siku tofauti, wewe na mwalimu peke yenu. Kwenye cha pili, ukiweza kuvua miwani kabisa, kukaa dakika nzima unapumua, kuirudisha na kuisafisha, na mapigo ya moyo hayajakimbia, nenda baharini. Ukishindwa, rudia sehemu ya majini ya kozi nzima. Na kabla ya yote jaza upya ile dodoso ya afya kwa ukweli. Miaka sita na uzazi mara mbili ni mengi, na jibu la "ndiyo" popote linakupeleka kwa daktari kabla ya mwalimu.

Mbizi ya kwanza ya baharini iwe mahali palipotulia, mshuke kwa kamba, miguu chini, mwende mita sita. Ndiyo, sita ileile. Masikio yasawazishe kila mita, kabla hayajauma. Yakigoma panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe, na mwenye mafua abaki nyumbani. Kaa pale chini, toa maji kwenye miwani mara mbili kwa hiari yako, tazama samaki kama wapo. Halafu panda mita tisa kwa dakika, maana yake kutoka hapo hadi juu iwe sekunde arobaini kamili. Siku ile sidhani kama ulitumia hata kumi. Hesabu kwa sauti ndani ya regulata, utasikika kama bata lakini utakuwa unatoa pumzi.

Vifaa sitavisemea sana. Jambo moja tu, lililonipata mimi mwenyewe. Niliwahi kukaa nje miezi kumi kwa sababu ya goti. Siku ya kurudi nikaruka majini na vali ya mtungi imefunguliwa robo, mwalimu mzima. Juu nilipumua vizuri, chini hewa ikaanza kuwa nzito kama navuta uji kwa mrija. Tangu siku hiyo, botini navuta pumzi tatu za nguvu huku nimetazama geji ya hewa ya mtungi. Mshale ukichezacheza kila ninapovuta, vali haijafunguka sawasawa. Mwenzako naye akukague, na wewe umkague, hata akiwa na mbizi mia. Hasa akiwa na mbizi mia.

Ambaye ni mume wako. Huyu si mtu mbaya, ila amesahau ugeni ulivyo. Ushauri wake wa kuruka tena unamfaa aliyepanda baiskeli miaka kumi akaacha. Wewe ukiruka tena sasa hivi utaufundisha mwili wako somo lilelile kwa mara ya pili, nao unajifunza haraka, kama ulivyosema mwenyewe. Asiwe mwalimu wako. Nimeona ndoa nzuri zikirushiana mapezi botini kwa sababu hii. Mwambie: "Naenda bwawani mara mbili na mwalimu. Ukitaka kuja, njoo na taulo, ukae nje." Baadaye mkiwa baharini mpe kazi moja, akae umbali wa mkono wako na asiende kupiga picha. Na mwambie habari ya fomu. Inawezekana hajui mpaka leo ulichoandika, na ndiyo maana haelewi kwa nini mke wake mwenye kadi alitoka majini vile.

Kuhusu maji kutokutaka: wapo wenye maradhi yanayowakataza, hao daktari atawaambia. Wapo pia wasiopenda tu, na hilo si kosa, snokeli ipo na samaki wengi wako juu juu. Inawezekana wewe ni mmoja wao. Lakini usiamue sasa, ukiwa bado unashtuka bafuni. Amua siku ambayo umekaa mita sita ukatulia, ukajiuliza kama unataka kurudi kesho. Miezi mitatu inatosha kufika hapo ukianza wiki hii. Kwenye safari yenyewe, siku ya kwanza waombe sehemu ya kina kifupi, na katika hizo siku tano ruka mbizi yoyote usiyoitaka bila kutoa maelezo. Kama mnarudi kwa ndege, acheni saa 18 baada ya mbizi ya mwisho.

Nimebakiza nywele. Umezitaja kwa kupita tu, lakini mimi nilipofika pale nikaacha kusoma nikarudi juu. Uzi mmoja wa nywele chini ya ule mpira laini wa miwani unatosha kuyaonyesha maji njia, na ukikaza kamba unaharibu zaidi kwa sababu mpira unajikunja. Huenda ile siku yote ilianzia hapo. Ichukue miwani ileile, simama mbele ya kioo, funga nywele zote nyuma. Ibandike usoni bila kamba, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Halafu niandikie uniambie ilishika au ilianguka.